Besimenti yenye unyevu kwenye nyumba ya zamani: kisa cha maji mawili yaliyodhaniwa ni moja

Ntakieleza kisa hiki kwa urefu maana nyumba za namna hii ziko nyingi, na dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya unyevu zinapakwa ukutani kabla mtu hajajua maji yanatoka wapi, afu baada ya misimu miwili mitatu mwenye nyumba yuko pale pale alipoanzia, hela imekwenda na ukuta umeharibika zaidi.

Nyumba ni ya mawe, ya zamani kweli. Kuta za chini zina unene wa sentimita 45 hivi, mawe yameshikwa kwa chokaa, saruji hamna, na lile tabaka la kuzuia unyevu linalowekwa siku hizi juu ya msingi halipo kabisa. Chini kuna besimenti, sehemu kubwa iko ndani ya ardhi na juu kabisa kuna madirisha mawili madogo yaliyo usawa wa ardhi ya nje. Sakafu ni matofali yaliyopangwa juu ya udongo. Miaka ya nyuma mtu aliyeishi humo alipiga plasta ya saruji kuta zote za besimenti kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kifua, akamalizia na rangi ya mafuta.

Malalamiko ya mama mwenye nyumba yalikuwa haya: harufu ya uvundo inapanda mpaka sebuleni, rangi inavimba na kubanduka, kwenye kona moja kuna unga mweupe, nyuma ya kabati la vitabu upande wa pili kuna ukungu mweusi, na kuna vipindi sakafu inalowa chapachapa wakati hamna bomba lililopasuka. Mafundi wawili walishapita kabla yangu na wote walisema ni maji yanapanda kutoka ardhini. Mmoja alitaka kutoboa kuta na kupiga dawa ndani ya mashimo, mwingine alitaka kupaka saruji ya kuzuia maji ndani kote, ukuta na sakafu, kazi iishe fasta. Mama alikuwa karibu kukubali hii ya pili.

Mimi kabla ya kugusa ukuta huwa nauliza saa na msimu. Nikamuuliza, mama, huu unyevu unauona zaidi lini? Akajibu kama wengi wanavyojibu, "Mwanangu, muda wote tu." Lakini ukikaa na mtu na ukamuuliza taratibu, mvua kubwa ya mwisho ilipita lini, siku ile kona ilikuwaje, joto likipanda sakafu inakuwaje, vitabu vilianza kunuka wakati gani, jibu linaanza kugawanyika lenyewe. Ikaonekana kona yenye unga mweupe inakolea rangi siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, halafu inapungua polepole. Ukungu wa nyuma ya kabati na sakafu kulowa vinakuja kipindi cha joto, tena hata kukiwa hakujanyesha wiki nzima. Ukuta mmoja unafuata mvua, mwingine unafuata joto. Maji ya ardhini yanayopanda kweli kwenye ukuta hayabadiliki namna hiyo ndani ya siku mbili, yanakwenda taratibu na msimu, na doa lake huwa ni mkanda unaoenea kwa urefu wa ukuta, mara nyingi hauzidi mita moja au moja na nusu kwenda juu. Hapa tulikuwa na kona moja na ukuta mmoja, katikati yake pamekauka. Hiyo peke yake ilitosha kunifanya niombe kazi ya saruji isimame kwanza.

Fundi mmoja alikuwa ameacha vipimo vyake, ile mashine ndogo yenye sindano mbili unayoichomeka ukutani inakupa namba. Namba zilikuwa juu karibu kila mahali. Sasa hii mashine ilitengenezwa kwa ajili ya mbao na kwenye mbao inafanya kazi vizuri, lakini kinachopimwa pale ni umeme unavyopita kati ya sindano mbili, na chumvi inapitisha umeme vizuri sana ikipata unyevu kidogo tu. Ukuta wa zamani uliojaa chumvi utakupa namba ya kutisha hata kama maji yenyewe ni machache. Ukitaka kujua maji yaliyomo kweli unachimba sampuli ndani ya ukuta, unaipima uzito, unaikausha, unaipima tena. Kwa hiyo zile namba nilizitumia kulinganisha sehemu na sehemu tu, basi.

Kipimo kilichotupa jibu ni rahisi sana. Unachukua foili ya jikoni, kipande cha kama nusu mita kila upande, unakausha uso wa ukuta, unakibandika kwa selotepu pande zote nne hewa isipite, unakiacha siku moja mpaka mbili. Ukikuta matone juu ya foili, upande wa chumbani, unyevu unatoka kwenye hewa. Ukikuta matone nyuma ya foili, upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Tulibandika kwenye kona, nyuma ya kabati, na sakafuni karibu na kabati. Kwenye kona foili ilikuwa kavu kwa nje na nyuma imelowa kiasi kwamba maji yaliteremka tulipoibandua. Nyuma ya kabati ikawa kinyume kabisa, nje imejaa matone madogo madogo na nyuma hamna kitu. Sakafuni vivyo hivyo, juu imelowa chini pakavu. Mama alisimama pale na ile foili mkononi akaipitisha kidole, akaniuliza, "Kwa hiyo haya maji yanatoka hewani?" Ndiyo mama, upande huu yanatoka hewani.

Na ule unga mweupe wengine wanauita fangasi, si fangasi. Weka tone la maji juu yake, kama unayeyuka na kupotea ni chumvi, ukungu hauyeyuki. Hapa uliyeyuka. Chumvi hiyo inabebwa na maji kutoka kwenye udongo na kwenye mawe yenyewe, maji yakifika usoni mwa ukuta yanapaa hewani na chumvi inabaki hapo hapo.

Tukatoka nje kuangalia ile kona. Gata la upande ule linapokea karibu nusu ya paa, na bomba la kushusha maji lilikuwa zima kwa kuliangalia, limepakwa rangi vizuri tu, linaingia ardhini na hamna anayejua linaishia wapi. Nikapitisha mkono kwa nyuma, upande unaotazama ukuta, ambako hamna mtu anaangalia. Kwenye maungio ya chini kuna ufa unaoingiza kidole, na jiwe la nyuma yake lina kijani cha mwani kutoka pale mpaka chini. Pia wakati fulani watu walijenga bustani ya maua imeegemea ukuta, udongo ukapandishwa juu ya usawa wake wa zamani, na pavingi za njia zilizowekwa baadaye zinateremka kuelekea nyumba. Niliweka pima maji juu yake na kile kiputo cha hewa kilikimbia upande wa nje, maana yake huko ndiko juu, maji yote yanarudi ukutani.

Watu huwa hawaamini paa linakusanya maji kiasi gani, kwa hiyo tufanye hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nusu ya paa hili ni kama mita za mraba 60. Mvua ya milimita 25, ambayo ni mvua nzuri ya kawaida tu, inashusha lita 1,500 kwenye bomba lile moja. Sehemu ya maji hayo ilikuwa inamwagika kwenye ufa wa nyuma, na yaliyobaki yanaingia kwenye bomba la chini ya ardhi. Tukalijaribu na hilo: siku ambayo ardhi ni kavu tukachukua mpira wa maji tukatia maji yenye rangi ya chakula moja kwa moja kwenye mdomo wa bomba la chini, bila kugusa ufa wa juu. Kwenye chemba yalikotakiwa kutokea yalitoka kidogo sana. Siku iliyofuata kwenye kona ya besimenti, chini kabisa, kukawa na mstari wenye rangi hafifu kati ya mawe mawili. Bomba la udongo wa kuchoma lilikuwa limepasuka huko chini, na mizizi ya maua imeingia ndani yake.

Huo ndio ukawa mwisho wa hoja ya maji yanayopanda, ila nilitaka kuwa na uhakika na jambo moja zaidi, maana lingebadilisha kila kitu. Tukainua matofali machache katikati ya besimenti, tukachimba kashimo ka sentimita 50 hivi, tukakafunika na ubao, tukakaacha kipindi cha mvua. Hakakujaa. Udongo ulikuwa na unyevu wa kawaida lakini maji hayakukaa humo. Kama yangekaa, maana yake maji ya ardhini yamepanda mpaka karibu na sakafu na hapo ningeongea lugha nyingine kabisa, ya pampu na mifereji ya ndani na kuzungushia chumba kizima kinga ya maji.

Sasa nirudi kwa yule fundi wa saruji, nilikaa naye na ni fundi mzuri wa kazi yake. Hoja yake ilikuwa, "Bosi, maji yakikosa pa kutokea yatarudi yenyewe." Nikamwonyesha plasta ya zamani. Ukiigonga kwa mpini wa nyundo kuanzia chini kwenda juu, chini inalia bubu, juu kidogo inalia wazi, imeshaachana na ukuta. Tukabandua kipande kwa tindo. Nyuma ya plasta chokaa kati ya mawe ilikuwa laini, unaikwangua kwa ukucha inatoka, na maji yalikuwa yamepanda mpaka juu ya mwisho wa plasta, pale ndipo rangi ilipokuwa inavimba zaidi. Maji hayakurudi. Yalipofungiwa uso wa chini yalipanda kutafuta pa kupumulia juu yake. Ukuta wa mawe na chokaa uliishi miaka yote hiyo kwa sababu unyevu ulioingia uliweza kutoka, ukiufunga kwa saruji na rangi ya mafuta unyevu unakaa humo na kuila chokaa taratibu. Na ukipaka kizuizi kwa ndani, maji yako nyuma yake yanakisukuma kukitoa: maji yakijaa nje ya ukuta, kwenye kina cha mita 1 yanasukuma kwa nguvu ya karibu tani 1 kwa kila mita ya mraba, na plasta iliyoshikilia chokaa iliyooza haiwezi kuhimili hilo kwa miaka. Kuna mahali kinga ya ndani inahitajika kweli, ukiwa na maji ya ardhini ya kudumu na nje hapachimbiki, lakini hapo inapangwa pamoja na pa kuyapokelea maji, haipakwi peke yake. Fundi alikubali, na kazi ya kubandua plasta akaifanya yeye.

Upande wa joto nao una hesabu yake. Hewa ya nyuzi 30 ikijaa mvuke kabisa inabeba gramu 30 hivi za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 18 inaweza kubeba gramu 15 tu na kidogo. Familia walikuwa na mazoea, kwa nia njema kabisa, ya kufungua yale madirisha mawili kila siku ya joto kuanzia asubuhi mpaka jioni "kukausha" chumba. Hewa ya nje yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 60 inaingia na gramu 18 za maji, inakutana na ukuta ulio ndani ya ardhi wenye nyuzi 18, pale pale zaidi ya gramu 2 katika kila mita ya ujazo hazina pa kukaa, zinageuka matone ukutani na sakafuni kama kwenye glasi ya maji baridi. Na dirisha likiwa wazi hewa mpya inazidi kuingia, mchezo unaendelea mchana kutwa. Kabati lililosukumwa mpaka kwenye ukuta wa baridi linafanya hewa ya nyuma yake isitembee, ndio maana ukungu ulichagua hapo. Ukungu hauhitaji maji yanayotiririka, uso wa ukuta ukikaa kwenye unyevu wa asilimia 80 kwa muda unamtosha.

Kwa hiyo sheria ya nyumba ikageuzwa. Tukaweka vipimo viwili vidogo vya joto na unyevu, kimoja ndani kimoja nje kivulini. Madirisha yanafunguliwa usiku na alfajiri hewa ya nje ikiwa baridi kuliko ya ndani, mchana wa joto yanafungwa kabisa. Siku ambazo hata usiku hewa ni nzito inawashwa mashine ya kukausha hewa, madirisha yakiwa yamefungwa, maana ukiiwasha huku dirisha liko wazi unakausha mtaa mzima. Lengo tuliloweka ni kukaa chini ya asilimia 60. Kabati likavutwa sentimita 10 kutoka ukutani, likapandishwa juu ya vipande vya mbao, na nguo zilizokuwa zinaanikwa humo zikahamishwa.

Ukungu wenyewe ulisafishwa kwa maji na sabuni kwenye sehemu ngumu, mtu akiwa na barakoa ya vumbi laini na glavu. Makatoni na magodoro yaliyoshika harufu yalitupwa, hayo hayasafishiki jamani, tusidanganyane.

Kazi ya nje ndiyo ilikuwa kubwa. Kwanza gata na bomba la juu, likabadilishwa lote na likasogezwa kidogo kutoka ukutani ili likivuja siku nyingine lionekane. Pili bomba la chini, likachimbuliwa na kuwekwa jipya mpaka kwenye chemba. Tatu bustani ikaondolewa, udongo ukashushwa mpaka chini ya ule mstari wa zamani ambao bado unaonekana kwenye mawe, na pavingi zikapangwa upya ziteremkie nje, sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Upande wa ile kona tukaweka mfereji wa kokoto wenye bomba la matundu chini yake, umezungushiwa kitambaa cha kuchujia matope yasiingie. Hapa naomba mtu anisikilize vizuri: nyumba za zamani misingi yake mara nyingi ni mifupi sana, ukichimba mtaro mrefu kando ya ukuta na ukashuka chini ya msingi unaweza kuuangusha ukuta. Tulichimba kwa vipande vifupi, kimoja kinajazwa ndipo kingine kinafunguliwa, na mfereji uliishia juu ya usawa wa kitako cha msingi. Kama hujui msingi unaishia wapi mwite injinia aangalie kabla ya jembe.

Ndani, umeme wa besimenti ulizimwa kwanza kwenye swichi kubwa, kwa sababu kulikuwa na soketi ndani ya plasta iliyolowa. Plasta ya saruji ikabanduliwa yote, kwa uangalifu, maana rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Chumvi ikapigwa brashi kavu na kuzolewa kila ilipotokea. Watu wanapenda kuiosha kwa maji, na ukiosha unaiyeyusha inarudi ndani ya ukuta kukusubiri.

Boriti za dari ya besimenti, ambayo ndiyo sakafu ya sebule, vichwa vyake vimeingia ndani ya ule ukuta wa kona. Tulivichoma kimoja kimoja na bisibisi. Vingi vilikuwa vigumu, viwili viliingia laini kidogo, na hapo kwenye mbao ile mashine ya sindano ikafaa kweli: viwili hivyo vilikuwa juu ya asilimia 20, kiwango ambacho kuanzia hapo mbao inakuwa hatarini kuoza. Vikaachiwa nafasi ya hewa pembeni na vikawekewa nguzo ya muda chini yake mpaka vipimwe tena.

Baada ya hapo kazi ni kungoja, na hapa ndipo familia nyingi zinashindwa. Mafundi wana kanuni ya makadirio kwamba ukuta unakauka milimita 25 kwa mwezi, mambo yakiwa mazuri. Ukuta wa sentimita 45 unakupa miezi 18, na huu wa chini ya ardhi unakaukia upande mmoja tu, kwa hiyo hata hiyo miezi 18 usiishike kama ahadi. Kwenye miezi ya mwanzo mama alinipigia akiwa na wasiwasi mkubwa, unga mweupe umetoka mwingi kuliko zamani, ukuta mzima umekuwa mweupe. Nikamwambia mama hiyo ni dalili njema, ukuta umeanza kutoa, piga brashi, zoa, tupa. Mvua kubwa zilizofuata kona haikubadilika rangi. Msimu wa joto uliokuja sakafu haikulowa isipokuwa siku moja wageni walipoacha madirisha wazi mchana.

Plasta mpya haijapigwa bado. Ikipigwa itakuwa ya chokaa, na juu yake rangi ya chokaa, na haitapigwa mpaka sampuli za ndani ya ukuta zioneshe maji yameshuka na chumvi imepungua kutoka. Vile vichwa viwili vya boriti kimoja kimeshuka chini ya asilimia 20, kingine kitakatwa na kuungwa mbao mpya, nguzo ya muda inabaki mpaka siku hiyo. Vitabu viko ghorofani.